Gia Zinapokwaruza: Gari Lisikilizwe Kwanza

Jirani yetu mmoja, mzee anayebeba ndizi na mihogo kutoka shambani hadi sokoni kwa pikapu yake ya zamani aina ya Toyota Hilux, alirudi kutoka gereji akiwa amejaa simanzi. Gari lilikuwa likikwaruza alipotia gia. Fundi alisikia mlio mara moja tu, akatoa hukumu: giaboksi imekwisha, itafutwe nyingine. Fedha aliyotajiwa ndiyo ile aliyoiweka kwa ajili ya ada ya wajukuu. Tulikaa naye barazani, tukamwomba asubiri siku moja ili gari lisikilizwe. Yaliyotokea tutayaeleza mwishoni. Kwanza tuwape wasomaji wetu njia tuliyoifuata, kwani ziko nyumba nyingi ambazo riziki yake imebebwa na gari la namna hii.

Tuanze na kazi ya vyombo. Klachi ndiyo inayoiunganisha injini na giaboksi. Dereva akiikanyaga hadi chini, muunganiko hukatika, na shafti inayoingia katika giaboksi huacha kusukumwa na injini. Hapo ndipo pete za shaba ziitwazo sinkronaiza hulinganisha kasi ya gia na kasi ya shafti kabla meno hayajakutana. Mkwaruzo, basi, ni habari kwamba meno yamekutana ilhali kasi hazijalingana. Mara nyingi chanzo ni kimojawapo cha viwili: ama klachi haikati sawasawa, ama pete imechakaa. Kasoro ya klachi aghalabu hurekebishwa bila kuifungua giaboksi. Kasoro ya pete hudai giaboksi ishushwe na ifunguliwe. Kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakozifilisi familia.

Jaribio la kwanza halina gharama. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Washa injini na uiache katika mwendo wake wa chini. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu polepole hadi kumi, kisha tia gia ya kurudi nyuma. Katika pikapu nyingi za zamani gia hiyo haina sinkronaiza, kwa hiyo haiwezi kuficha kitu. Ikiingia kimya baada ya kusubiri, klachi inakata. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti bado inazungushwa na injini, na mtuhumiwa wa kwanza ni klachi. Zima injini, ujaribu gia zote. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na kugoma inapowashwa, ushahidi dhidi ya klachi umezidi kupata nguvu.

Jaribio la pili ni kulipampu kanyagio mara tatu au nne kwa haraka, kisha kutia gia. Ikiingia vizuri kuliko awali, tatizo limo katika njia ya mafuta: ama upepo umeingia, ama mipira ya silinda imekwisha. Tazama kichupa cha mafuta ya klachi kilichomo chini ya boneti. Pita pia kwa mkono juu ya kanyagio, ndani ya gari, kisha uikague silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Unyevu mahali hapo ni jibu. Njia ya mafuta ikiwa salama na klachi bado haikati, huenda sahani yake imepinda au beringi ndogo iliyo mwishoni mwa mtaimbo wa injini imekwama. Hapo giaboksi itashushwa, lakini kushusha si kufungua, na bei zake hazifanani.

Jaribio la tatu hufanywa gari likiwa barabarani. Je, mkwaruzo uko katika gia zote au katika moja tu? Ukiwa katika zote, rudi kwenye klachi. Ukiwa katika gia moja, hasa ya pili ambayo hutumika sana, pete ya gia hiyo ndiyo inayoshukiwa. Ili kuhakikisha, kanyaga klachi mara mbili kama walivyofanya madereva wa malori ya zamani: kanyaga, toa gia, achia klachi, kanyaga tena, ndipo utie gia inayofuata. Unaposhuka kwenda gia ya chini, gusa mafuta kidogo wakati klachi imeachiwa. Mlio ukitoweka kwa njia hiyo, pete imechakaa, maana wewe mwenyewe umeifanya kazi yake.

Zipo sauti nyingine zinazodhaniwa kuwa mkwaruzo wa gia. Uvumi unaosikika gari likiwa halina gia na klachi imeachiwa, kisha ukanyamaza ukikanyaga, ni wa beringi ya shafti ya giaboksi. Unaoanza pale unapokanyaga ni wa beringi ya klachi. Na mkono wa gia ukilegea na kuyumba ovyo, kagua kwanza bushi ya plastiki iliyo chini yake. Ni kitu kidogo, lakini ikilika gia haiingii hadi mwisho.

Oili nayo ni shahidi. Fungua kizibo cha kujazia, kilicho ubavuni, kabla ya kile cha kumwagia, usije ukamwaga oili yote na kushindwa kuijaza tena. Oili inapaswa kufika ukingoni mwa tundu. Isugue kwa vidole: vumbi laini la rangi ya dhahabu ni la pete, vipande vya chuma ni vya meno au beringi, na weupe kama maziwa ni maji. Tumia aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, kwani zipo oili za difu ambazo kemikali zake huweza kuidhuru shaba. Na asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Wapo wanaojaza oili nzito ili mlio ufifie hadi gari liuzwe. Huo si ufundi, ni kumdhulumu mnunuzi. Anayenunua naye asiridhike kulisikia gari likiwa limesimama. Aliendeshe, atie gia zote.

Turudi kwa mzee wetu. Gia ya kurudi nyuma ilikwaruza hata baada ya kusubiri. Alipopampu, ikaingia kimya. Silinda ya chini ilikuwa imelowa. Fundi mwingine alibadili mipira, akatoa upepo, na jioni ile gari lilirudi shambani. Ada ya wajukuu ikabaki salama.

Hatusemi kwamba kila giaboksi ni nzima. Nyingine zimekwisha kweli, na fundi anayesema hivyo baada ya kupima astahili malipo yake. Tunalowausia ni swali moja kabla ya kutoa fedha: "Fundi, umejuaje?" Fundi aliyepima atakueleza alichokiona. Asiye na jibu, mshukuru kwa upole na uondoke na gari lako.