Mwacheni mama aimbe

Wandugu, kuna jambo linanikera, na leo nalisema bila kuzunguka.

Huku kwetu kusini ngoma haikosekani. Kiongozi akija Newala, sindimba inachezwa mpaka vumbi linatimka. Watoto wakitoka jandoni, ngoma. Mwali akitolewa, ngoma. Lakini mtoto akilazwa mahututi, dripu mkononi na mpira wa oksijeni puani, mama yake anaambiwa nini? Mara nyingi ni hivi: "Kaa kimya, subiri nje."

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala na fonografu yake. Akanasa nyimbo za wazee wetu kwenye silinda za nta, akaondoka nazo. Mgeni aliona ni mali. Sisi wenyewe tunaona ni kelele!

Tena wenzetu wamepima. Mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wa watoto njiti 272 katika hospitali 11 za Marekani. Hawakutumia redio. Walitumia wimbo wa kubembeleza uliochaguliwa na wazazi, ukaimbwa palepale, pamoja na kiboksi cha mbao kinachogongwa kwa vidole kuiga mapigo ya moyo. Kwa lugha yetu hiyo ni ngoma ndogo, au siyo? Mapigo ya moyo ya watoto yalipungua kasi, na wasiwasi wa wazazi nao ukapungua.

Najua watakaosema: "Tuleteeni mashine kwanza." Sawa, zije, na dawa pia. Nani kasema wimbo ni badala ya oksijeni? Ila mtoto mwenye hofu analia, moyo unamwenda mbio, anang'oa mpira puani. Akitulia, hata nesi anafanya kazi yake vizuri. Na wimbo wa mama haungoji bajeti.

Wengine watasema wodi inataka utulivu. Kweli kabisa. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri tangu 1997 kwamba kelele katika wodi za watoto wachanga mahututi zisizidi desibeli 45. Basi tuanze na milango inayobamizwa na soga za kwenye simu kabla ya kumnyamazisha mama anayeimba chini chini.

Ninachodai ni kidogo. Mama anawe mikono, akae karibu na kitanda, aimbe taratibu kwa kufuata pumzi ya mwanawe. Kimakonde, Kimakua, Kiyao, chochote alichozoea mtoto. Nesi aangalie, mtoto akionekana kusumbuka, wimbo ukome. Maspika na redio vibaki nje.

Kama tuna ngoma ya kumpokea mheshimiwa, tutakosaje wimbo mmoja wa mtoto anayepigania pumzi?

Nawasilisha.