Kusingizia Kelele

Wapo wasemao kwamba binadamu wa leo hawezi kutulia na kuona kilicho mbele yake kwa sababu ya kelele: redio, magari, na sasa simu za mkononi. Dawa yao ni kuketi mahali pa kimya na kufuatilia pumzi, zoezi la kale la Wabudha ambalo Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Zoezi lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni huku kusingizia kelele.

Mwaka 1984, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Somo lilikuwa Hisabati, mada ya sehemu, na mwanachuo wangu alikuja na machungwa na kisu. Darasa lilikuwa kimya. Niliketi nyuma, macho nimeyakaza, fomu ya tathmini mapajani. Nikaona kila kosa: mwandiko ulioteremka ubaoni, andalio la somo lililokunjamana, na zaidi ya yote, kijana kusimama upande mmoja tu, karibu na dirisha, kipindi kizima. Hapo nikaandika sentensi kali. Niliisoma mara mbili (nakiri, niliifurahia kuliko somo), na tayari nilikuwa nawaza jinsi wakufunzi wenzangu watakavyocheka nikiwasomea.

Baada ya kipindi kijana akaniuliza, "Samahani Mkuu, yule mtoto wa dirishani umemwonaje? Anasikia kwa sikio moja tu. Nikisogea mbali hapati kitu."

Sikuwa nimemwona mtoto yeyote.

Basi nielezwe, ni kelele gani iliyonizuia? Sikusinzia, sikuchoka, hakuna aliyeniita. Aliyekaa kati yangu na mtoto yule ni Mkuu wa Chuo, ambaye hakuja kuona somo bali kuonekana akiona. Na bwana huyo ukienda mahali pa kimya humwachi nje. Ataingia nawe, ataketi, atahesabu pumzi, kisha atarudi mjini kusimulia jinsi alivyotulia. Nimewasikia wengi, tena wasomi, wakijisifia unyenyekevu.

Nilimwambia kijana, "Vema," nikatia saini. Alama sikuibadili. Jioni ile, katika chumba cha wakufunzi, sentensi yangu ilichekesha kama nilivyotarajia.