Dhoruba ya jua haijamfunga mtoto wako ulimi (Mtoto na Kuongea, sehemu ya 6)



Niliahidi leo tuzungumzie udata. Udata utasubiri wiki ijayo, maana kuna neno linazunguka huku kwetu Itetemia na limenifuata mpaka wodini. Linasema watoto waliozaliwa mwaka 2024, au waliokuwa tumboni mwaka huo, wanachelewa kuongea kwa sababu ya ile dhoruba ya jua ya mwezi wa tano. Eti mionzi ilishuka, ikawaingia kichwani, ndimi zikawa nzito. Kuna dada kaniuliza kama na sola ya juu ya bati aitoe. Usiitoe mdogo wangu, hiyo kazi yake ni kukuchajia simu na kukuwashia taa tu.

Wenzangu wengine wanacheka wakisikia habari hizi. Mimi sicheki, kwa sababu nimeona zinavyomchelewesha mtoto kufika hospitali.

Kwanza niseme, dhoruba yenyewe ilikuwepo kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua ya daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa kwenye kipimo wanachotumia Wamarekani, na halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Jua huwa linatapika, nisemeje, wingu kubwa la chembechembe zenye umeme na sumaku, na wingu hilo likifika huku linagongana na sumaku ya dunia. Kule Ulaya na Marekani watu waliona anga la usiku limegeuka jekundu na kijani. Mitambo inayotegemea setilaiti ilisumbuka, mpaka wakulima wa Marekani ambao matrekta yao yanaongozwa na setilaiti wakasimamisha kupanda. Sisi Tabora tulikuwa tumelala zetu.

Halafu Jumapili tarehe 12 intaneti ikakatika, mnakumbuka? Tanzania, Kenya, Uganda, kote. Siku yenyewe ilikuwa Siku ya Mama, tena Siku ya Wauguzi Duniani, watu tuna picha zetu nzuri tunataka kuweka status, mambo yamegoma. Hapo ndipo watu walipounganisha: kama jua limeua intaneti, itakuwaje kwa kichwa cha kichanga? Lakini intaneti ilikatika kwa sababu nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini. Shida ilikuwa baharini.

Na ile mionzi? Chembechembe zile zinaishia juu huko. Dunia ina sumaku yake inayozigeuza njia, na chini ya hapo kuna hewa nene, kilomita na kilomita. Wanaohangaika nazo ni wanaanga, na ndege zinazopita karibu na ncha ya kaskazini, ambazo huweza kubadilishiwa njia. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunakingwa na hiyo sumaku kuliko hata watu wa Norway.

Tena jua halijaanza jana. Vurugu zake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa kama miaka 11. Ile dhoruba ya Septemba 1859, ambayo ni maarufu kuliko zote, ilifanya nyaya za telegrafu za Ulaya na Marekani zitoe cheche. Hapa kwetu ulikuwa ni mwaka mmoja tu tangu Burton na Speke waondoke Kaze, Tabora ya enzi hizo, na misafara ilikuwa inapanda na kushuka Bagamoyo. Machi 1989 nyingine ilizima umeme jimbo la Quebec kule Kanada kwa saa kama tisa. Mimi ni mtoto wa miaka hiyohiyo, na nyumbani wanasema sijawahi kunyamaza tangu nijue kusema "nataka". Kama dhoruba zingekuwa zinafunga ndimi, kila baada ya miaka 11 tungekuwa na darasa zima la kwanza haliongei. Walimu wangekuwa wa kwanza kutuambia.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Alikuja mama mmoja, nitabadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Mtoto wake amezaliwa Aprili 2024. Wakati ananiletea alikuwa ameshapita mwaka na nusu, na hana hata neno moja. Wameambiwa na ndugu kwamba dhoruba ilimkuta akiwa na mwezi mmoja, basi wasubiri, mionzi itatoka yenyewe akifikisha miaka mitatu. Wakawa wanasubiri. Hata kwangu hakuja kwa ajili ya kuongea, alikuja kwa ajili ya kikohozi.

Mtoto ni mchangamfu, macho yanawaka. Nikamwacha anacheza sakafuni, nikasimama nyuma yake nikaita jina lake. Kimya. Nikagonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Kimya. Nikazunguka mbele, aliponiona tu akanicheka.

Nikamuuliza mama kuhusu zile siku za mwanzo kabisa. Akaniambia siku ya tatu mtoto aligeuka njano, macho na ngozi. Jirani akamshauri amwanike kwenye jua la asubuhi. Walimwanika siku sita. Alikuwa analala sana na kunyonya kwa shida, wakasema ni mtoto mpole. Baadaye manjano yakaisha.

Mama zangu, hapa naomba msome taratibu. Watoto wengi wachanga wanapata manjano na yanaisha bila shida. Lakini yakipanda sana, ile rangi ya njano iliyoko kwenye damu, bilirubini, inaingia kwenye ubongo na kwenye mishipa ya kusikia na kuiharibu, na hapo hakuna kurudi nyuma. Manjano yaliyoanza ndani ya saa 24 za kwanza ni ya kukimbiza hospitali. Yaliyoshuka mpaka viganjani na kwenye nyayo ni ya kukimbiza. Mtoto wa njano anayelala mno, asiyetaka kunyonya, anayelia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au anayejipinda mgongo kwenda nyuma, huyo hata usisubiri kupambazuke. Hospitali anapimwa na anawekwa chini ya taa za bluu. Jua la asubuhi haliwezi kushika nafasi ya taa zile. Huwezi kulipima, huwezi kumwanika mtoto uchi saa nzima bila kumpiga baridi au kumuunguza, na usiku hulinalo.

Kwa hiyo kama kuna jua lililomhusu mtoto yule, mimi namashaka na lile la uani kwao, mwezi wa nne. Siwezi kuapa. Daktari wa masikio ndiye anayempima. Lakini ningempata akiwa na miezi sita ningekuwa na mengi zaidi ya kumpa mama yake, na hiyo miezi yote imeliwa na neno "subirini mionzi itoke".

Wengi mnaniuliza, mbona alipokuwa mdogo alikuwa anatoa sauti? Swali zuri sana. Mtoto asiyesikia naye anatoa zile "aguu" na "ooo" za miezi miwili mitatu kama wengine. Hiyo inawadanganya wazazi. Tofauti inakuja kuanzia miezi sita hadi tisa, pale mwenzake anapoanza "bababa, mamama, dadada", kwa sababu anajisikia mwenyewe na anawasikia ninyi na anaiga. Asiyesikia zile sauti zinapungua, zinafifia. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anapiga kelele na sasa amenyamaza, usimsifie kwamba ametulia.

Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, kwenye ile miezi mitatu ya mwisho. Akizaliwa anashtuka mlango ukibamizwa na anatulia akisikia sauti yako. Miezi sita anageuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Akifikisha mwaka anajua jina lake, ananyoosha kidole au anapunga mkono, na neno moja hivi linakuja. Mwaka na nusu awe na maneno kadhaa, hata kama anayakata. Miaka miwili anaunganisha mawili: "mama maji", "baba kaenda". Watoto wanapishana, sikatai. Lakini mtoto wa mwaka ambaye hatoi sauti za kuiga wala haonyeshi kwa kidole, wa mwaka na nusu asiye na neno, wa miaka miwili asiyeunganisha, mlete. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea, huyo mlete kesho.

Nyumbani jua haliko kwenye orodha yangu kabisa. Masikio ndiyo ya kwanza. Usaha unaotoka na kurudi, homa ya uti wa mgongo, mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, surua, rubela kwa mama mjamzito. Ndiyo maana tunakusumbua na ile chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, halafu ya miezi 18, ambayo wengi mnaikimbia kwa sababu mtoto "ameshakua".

Ya pili ni ukimya wa ndani ya nyumba. Nyumba ina televisheni, ina simu, ina kila kelele, lakini hakuna anayemsemesha mtoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, wa mwaka mmoja haishauriwi, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Najua mnapika, mnafua, mnafanya biashara, simu ni yaya wa bei rahisi. Sina ugomvi na mama aliyechoka. Ila katuni haimjibu mtoto. Mtoto akisema "ba!" anataka mtu amtazame aseme "eeh, baba, baba yuko wapi?" Hilo halihitaji bando. Umembeba mgongoni unaenda mashine ya kusaga, msimulie: ona ng'ombe, ona pikipiki, tunapita kwa bibi. Tena baba zao, ninyi mnaodhani kuongea na kichanga ni kazi ya wanawake, sauti zenu anazitaka.

Na lugha ni ipi? Hili linaniuma kidogo. Kuna mabinti wanawakataza mama zao kuongea Kinyamwezi na mjukuu, eti atachanganyikiwa achelewe. Hachanganyikiwi. Mji wetu huu umekua kwenye njia ya misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanatoka Unyanyembe kwa miguu mpaka pwani, na Kiswahili kikapanda nao kurudi huku. Lugha mbili ndani ya kaya moja hapa ni jambo la zamani. Ukihesabu maneno ya mtoto, hesabu ya lugha zote mbili. Bibi aachwe aseme "mwangaluka" yake, mwacheni mtoto aitikie.

Kitu ambacho sitaki kukisikia ni kumpeleka mtoto kukatwa kimeo ili aongee. Kimeo hakizuii kuongea. Kukikata kwa wembe kunaleta kuvuja damu na maambukizi, na mtoto aliyekuwa hasikii atarudi hasikii vilevile, na kidonda juu.

Najua mnachoogopa ni kuambiwa "hasikii". Ni neno zito, nimeona mama akikaa chini sakafuni. Lakini mkumbuke mnaishi wapi. Shule ya kwanza ya viziwi nchi hii ilianzishwa hapahapa Tabora, mwaka 1963. Kuna watoto wametoka kwenye shule ile wanajadiliana kwa Lugha ya Alama kuliko sisi wenye masikio tunavyosikilizana majumbani. Muhimbili nako tangu 2017 wanaweka vifaa vya usikivu kwa upasuaji, na kifaa hicho kinamsaidia zaidi mtoto aliyefikishwa mapema. Kote huko, kwa alama au kwa kifaa, miaka ile ya mwanzo ndiyo ubongo unapokea lugha kwa kasi, na ndiyo miaka ambayo neno la "mionzi itatoka" linawaambia mkae mkisubiri.

Basi fanya hivi leo jioni, mtoto akiwa ametulia na hakuoni. Simama nyuma yake hatua mbili, mwite kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi karibu na kichwa, atahisi upepo akageuka ukadhani kasikia. Rudia kesho na keshokutwa. Asipogeuka mara zote, njoo naye kliniki, siku yoyote, hata kama si tarehe ya kupima uzito. Njoo na kadi, na ujikumbushe: alilia mara tu alipozaliwa? Alipata manjano, siku ya ngapi? Amewahi kulazwa, kwa homa gani, alichomwa sindano gani? Masikio yamewahi kutoa usaha? Hayo nitakuuliza kabla sijamgusa.

Udata ni Alhamisi ijayo. Na yule aliyeniandikia usiku kwamba kichanga chake cha siku mbili ni cha njano mpaka miguuni, nimekujibu, tafadhali soma ujumbe wako uende sasa hivi.