Dawa bila daftari: Funzo la Sindo wakati wafadhili wanapoondoka

KATIKA mji mdogo wa Sindo, ufuoni mwa Ziwa Victoria, eneo la Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, dirisha la dawa hospitalini huwakutanisha watu wa kila hali. Hapo hufika mvuvi aliyerejea alfajiri kutoka ziwani, mama muuza omena, mjamzito aliyetoka kliniki na mkulima aliyeteremka kutoka milima ya Gwassi. Miongoni mwao wamo wanaokuja kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima katika Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi hivyo, ilhali kiwango cha taifa zima kilikuwa asilimia 4.9.

Dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa hupokea chupa yake, huelezwa tarehe ya kurudi, kisha hushika njia. Hata hivyo, nyuma ya tendo hilo la dakika chache limejificha swali ambalo halijapata jibu la kudumu: ni nani anayelipia kazi ya kujua kidonge kinamfanyia nini anayekimeza?

Swali hili limepata uzito mpya tangu Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipoamuru misaada ya maendeleo ya nchi za nje isimamishwe kwa siku 90. Katika wiki zilizofuata, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na wafadhili kote nchini Kenya waliachishwa kazi au kupewa likizo bila malipo. Kufikia Julai 1, 2025, shirika la misaada la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Mjadala wa umma ukaelekezwa kwenye jambo moja: je, dawa zitakwisha? Ni swali la haki. Lakini pamoja na dawa, kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikiondoka kimyakimya, nacho ni kalamu na daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Historia ya dawa za Ukimwi katika ukanda wa ziwa na kwingineko Afrika inathibitisha kuwa msemo huo hauwahusu wafanyabiashara pekee.

Funzo la kwanza: urahisi wenye gharama

Mwishoni mwa miaka ya 1990, tiba ya Ukimwi ya mgonjwa mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mnamo 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingewauzia wahudumu wa misaada mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Tangazo hilo lilifungua mlango ambao baadaye uliwapitisha mamilioni ya Waafrika. Mnamo Aprili 2012, Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia sheria ya 2008 dhidi ya bidhaa ghushi isitumiwe kunyima umma dawa halali za bei nafuu, kufuatia kesi ya wananchi watatu wanaoishi na virusi.

Katika ule mchanganyiko wa awali mlikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliokoa maisha ya wengi, na hilo halipingiki. Lakini kadiri miaka ilivyopita, waliokuwa wakiitumia walianza kulalamikia ganzi na miguu kuwaka moto. Wengine walibonyea mashavu na kukonda mikono, huku mafuta yakihamia tumboni. Kwa aliyetaka kuficha hali yake, sura yake yenyewe ikawa shahidi dhidi yake.

Ilipofika Novemba 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishauri nchi ziache hatua kwa hatua kutumia stavudini. Madhara yake yalikuwa yakijulikana kwa wataalamu kabla ya hapo, na katika mataifa tajiri ilikuwa imeshaachwa. Iliendelea kutumika Afrika kwa sababu ilikuwa rahisi. Hapa ndipo ilipodhihirika kwamba bei ya kidonge na gharama ya kidonge ni mambo mawili tofauti. Bei huandikwa kwenye stakabadhi, ilhali gharama huandikwa mwilini mwa mgonjwa.

Funzo la pili: daftari la wakunga

Mwaka 2017 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kupokea dolutegravir ya bei nafuu. Dawa hii hushusha virusi upesi, na virusi huchukua muda mrefu kuizoea. Bei ya kidonge chenye dolutegravir na dawa nyingine mbili ilitangazwa mwaka huo kuwa takriban dola 75 kwa mwaka, na kufikia 2023 ilikuwa imeshuka chini ya dola 45. Kiasi hicho ni kama Sh5,800 kwa mwaka mzima wa uhai.

Lakini Mei 2018 habari za kutia hofu zilitoka Botswana. Watafiti waliripoti kuwa kati ya watoto 426 waliozaliwa na akina mama waliokuwa tayari wakitumia dolutegravir wakati wa kushika mimba, wanne walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ziliwawekea vikwazo wanawake wenye umri wa kuzaa. Wengi wao waliendelea kupewa efavirenzi, ambayo baadhi ya watumiaji waliilalamikia kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Mnamo Julai mwaka huo, wanawake Waafrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali, Rwanda, wakadai waelezwe ukweli na waachiwe uamuzi wao wenyewe.

Kilichomaliza utata huo hakikuwa hotuba wala tamko. Wakunga katika hospitali za serikali za Botswana walikuwa wakiandika taarifa za kila mtoto aliyezaliwa tangu 2014, nao waliendelea kuandika. Kufikia Julai 2019, idadi ilikuwa watoto watano kati ya 1,683, na hatari ikaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. WHO ikaipendekeza dawa hiyo kwa watu wazima wote, wanawake wakiwemo, na takwimu za baadaye hazikuonyesha tofauti na dawa nyingine. Daftari lililopiga kengele ya hatari ndilo lililoituliza.

Karibu zaidi na nyumbani, mnamo 2020 madaktari wa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza jijini Kampala waliripoti jambo walilolikuta katika kumbukumbu za kliniki yao. Kati ya wagonjwa zaidi ya 3,400 waliokuwa wakitumia dolutegravir, 16 walipatwa na sukari nyingi katika damu. Miongoni mwa zaidi ya 3,200 waliokuwa kwenye dawa nyingine, aliyepatwa alikuwa mmoja tu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu ukubwa wa hatari hiyo. Lakini ujumbe kwa kliniki ulikuwa wazi: mgonjwa apimwe sukari, hasa akiwa na umri mkubwa au shinikizo la damu. Bila kumbukumbu hizo, wale 16 wangebaki kila mmoja na masaibu yake, pasipo mtu wa kuona kuwa wanafanana.

Suba yenyewe iliwahi kufunza dunia

Ni kosa kudhani kuwa utafiti wa aina hii ni kazi ya miji mikubwa pekee. Kuanzia 2013, jamii 32 za mashambani nchini Kenya na Uganda zilishiriki utafiti wa SEARCH, ulioendeshwa na wataalamu wa Marekani pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na Chuo Kikuu cha Makerere. Baadhi ya jamii hizo, kama vile Magunga na Kisegi, zimo katika eneo la Suba. Wakazi walipimwa virusi, sukari na shinikizo la damu kwa pamoja, na waliohitaji tiba wakaanzishiwa.

Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa baada ya miaka mitatu, asilimia 79 ya wenye virusi katika jamii zilizopata huduma hiyo kamili walikuwa wamevidhibiti, ikilinganishwa na asilimia 68 kwingineko. Kwa wenye shinikizo la damu, waliodhibitiwa walikuwa asilimia 47 dhidi ya 37. Tofauti hiyo ilitokana zaidi na namna watu walivyohudumiwa kuliko dawa zenyewe. Ilitokana na kumtazama mgonjwa kama mtu mmoja badala ya kumgawanya kwa maradhi yake.

Kitendawili cha chupa kubwa

Mvuvi hafungwi na kalenda ya hospitali. Samaki wakihama, naye huhama. Ndiyo sababu mpango wa kuwapa wagonjwa waliotulia dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo umekuwa nafuu kubwa. Nauli imepungua, foleni zimepungua na siku za kazi haziharibiki.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina upande wa pili. Anayefika dirishani mara chache kwa mwaka huonekana mara chache kwa mwaka. Akianza kukojoa mara kwa mara na kuona kiu isiyokatika, hakuna wa kumuuliza. Akinunua dukani dawa ya kiungulia, huenda asijue kuwa baadhi ya dawa hizo huzuia dolutegravir kufyonzwa vyema mwilini. Vivyo hivyo kwa mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma bila kuelezwa namna ya kuvipanga na chakula au saa. Mwenye kisukari anayetumia metformini huhitaji kipimo kiangaliwe upya, kwa kuwa dolutegravir huiongeza katika damu. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini naye huhitaji dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Kwa hivyo, kadiri ziara zinavyopungua ndivyo dakika chache za dirishani zinavyokuwa na thamani zaidi. Mfamasia anayeuliza maswali matatu na kuandika majibu yake anafanya kazi ya utafiti, hata kama hakuna jarida litakalomtaja.

Fomu ya manjano

Kenya haianzi na mikono mitupu. Bodi ya Famasia na Sumu ilizindua mfumo wa kitaifa wa kufuatilia usalama wa dawa mnamo 2009, na mwaka uliofuata nchi ikajiunga rasmi na mpango wa kimataifa wa WHO. Mhudumu anayeshuku kuwa dawa imemdhuru mgonjwa hujaza fomu ya manjano. Akishuku ubora wa dawa yenyewe, hujaza ya waridi. Siku hizi taarifa hizo huweza kutumwa pia kwa njia ya mtandao.

Tatizo ni mikono ya kujaza. Katika hospitali za mashambani, mfamasia mmoja anaweza kuwa mgawaji wa dawa, mtunza ghala na mshauri wa wagonjwa kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya kazi ya kumbukumbu katika kliniki za Ukimwi ilifanywa na makarani na washauri waliolipwa na wafadhili. Walipoondoka 2025, kliniki hizo zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Mnamo Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano. Marekani iliahidi hadi dola 1.6 bilioni, na Kenya ikaahidi kuongeza dola 850 milioni kutoka hazina yake. Mwezi huo huo, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu zinazohusu kutolewa kwa data za wagonjwa. Siri ya mgonjwa ni haki yake, na inastahili kulindwa. Lakini ubishi kuhusu nani asome daftari hautakuwa na maana iwapo hapatakuwa na wa kuliandika.

Yapo maoni kwamba makaratasi ni anasa wakati dawa zenyewe hazina uhakika. Wenye maoni hayo wana hoja. Mapema 2021, shehena ya dawa za Ukimwi ilikwama bandarini Mombasa kwa mzozo wa ushuru kati ya Serikali na mfadhili, na wagonjwa wakapunguziwa vipimo vya miezi. Chupa tupu haina madhara ya kufuatilia. Lakini mgonjwa anayesumbuliwa na dawa bila kusikilizwa huiacha, na dawa iliyoachwa ni hasara maradufu: fedha zimeshatumika, na virusi vinarudi vikiwa vigumu zaidi kutibu. Kusikiliza ni sehemu ya tiba, na ni sehemu ya kuweka akiba.

Kinachohitajika si majengo wala mitambo ya mabilioni. Kaunti ya Homa Bay na nyingine za ukanda wa ziwa zinaweza kuanza kwa kuweka katika bajeti zao nafasi za wahudumu wa famasia na kumbukumbu, badala ya kungoja mfadhili mwingine. Vipimo vya sukari na shinikizo la damu viwekwe mahali pale pale dawa zinapotolewa. Fomu zinazotumwa Nairobi zipate majibu, kwani mhudumu asiyejibiwa huchoka kuandika. Hatimaye, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kidholuo, Kisuba au Kiswahili, kwamba malalamiko yake ni habari muhimu na si usumbufu.

Ukanda huu ulibeba mzigo mkubwa wa Ukimwi kuliko sehemu nyingine yoyote nchini. Watu wake walimeza dawa ambazo wengine walikuwa wamezikataa, walijitolea kwa tafiti zilizonufaisha dunia, na wengi wao wako hai leo wakizeeka na maradhi ya uzee kama watu wengine. Wanachostahili sasa ni kwamba atakayewapa chupa kesho dirishani Sindo awe na muda wa kuwauliza hali zao, na kalamu ya kuandika watakachomjibu.