Ngozi za mbuzi na sungura tusizitupe: ziwe kazi ya wahami

 Leo sileti habari ya vita. Nataka tuzungumze juu ya kitu kinachotupwa kila wiki nyuma ya machinjo na nyuma ya majiko yetu: ngozi ya mnyama.

Maoni yangu ni haya. Ngozi ya mbuzi, ya kondoo na ya sungura inaweza kushonwa kuwa ganti za manyoya za kukinga mikono na baridi, na kazi hiyo inafaa wamama na vijana waliohama kuliko nyingi ya kazi tunazofundishwa. Inafaa tuifanye kwa akili, kwa sababu kuna ngozi inayoleta chakula na kuna ngozi inayoleta kifo.

Asiyejua Masisi anadhani Kongo yote ni joto. Aje alale usiku mmoja kwenye milima ya Mushaki, Ngungu au Katoyi, mahali panapopita mita 2,000. Walikale-centre, Mubi na Ndjingala ni pori la chini na joto lake. Lakini mtu wa Walikale anayekimbia kupitia Pinga au Kashebere kuelekea Masisi anapanda mlima akiwa na nguo za joto. Watoto wake wanatetemeka usiku wa kwanza tu.

Angalieni nani anaumia mikono. Motari anayetoka Sake saa kumi na moja asubuhi akiwa na abiria wawili na mzigo. Wengine wanavaa soksi mikononi, wengine wanafunga mifuko ya plastiki kwenye usukani. Mchungaji wa ngombe anayekamua kabla ya jua, na mwenye kubeba maziwa na jibini kwenda barabarani. Mlinzi wa usiku. Mzee ambaye vidole vyake vimekauka kwa ugonjwa wa viungo. Hao wote ni wateja, na wako hapa hapa.

Sasa ganti ninayoisema si ile ya vidole vitano. Ni mfuko wa mkono wenye nyumba mbili: moja ya vidole vinne pamoja, nyingine ya kidole gumba. Vidole vinapokaa pamoja vinapashana joto, ndiyo maana watu wa nchi za barafu, kama Wainuiti wa kaskazini ya Kanada, wanaishona hivyo tangu zamani. Na kwa mshonaji ni rahisi zaidi. Unaweka mkono juu ya karatasi, unachora ukiacha nafasi ya upana wa kidole pande zote, unakata, umepata kipimo.

Mtu asiseme hii ni kazi ya wazungu. Waogiek wa msitu wa Mau, kule Kenya, walikuwa wanashona mavazi ya manyoya ya pimbi juu ya baridi ya mlima. Kwetu hapa mababu walibeba watoto mgongoni kwa ngobyi ya ngozi ya kondoo. Wanyanga wa Walikale wanasimulia habari ya Mwindo, mtoto aliyefungiwa na baba yake ndani ya ngoma iliyofunikwa kwa ngozi na kutupwa mtoni. Watu wenye simulizi kama hiyo walijua ngozi. Ujuzi ulikuwapo, tumeuacha tu kwa sababu mutumba ulikuja na ukawa rahisi.

Nieleze kazi yenyewe kwa kifupi, ili mtu asidhani ninaota. Ngozi ikitoka tu kwa mnyama, inakwanguliwa nyama na mafuta yote. Kisha inapakwa chumvi upande wa nyama, kama kilo moja kwa ngozi ya kilo mbili, siku hiyo hiyo. Ukichelewa mpaka kesho, manyoya yanaanza kung'oka na ngozi inaoza. Kwa sehemu ya ndani yenye manyoya, sungura ndiye bora, kwa sababu manyoya yake ni laini na mengi. Ngozi yake inatengenezwa kwa chumvi na shabu, lile jiwe jeupe ambalo wengine wanatumia kutuliza maji machafu. Ikianza kukauka, unaivuta na kuisugua kwa mikono, tena na tena, mpaka iwe laini kama kitambaa. Hapo hakuna njia ya mkato. Ngozi isiyovutwa inakauka kama ubao.

Shabu ina ubaya mmoja: haipendi maji. Ngozi ya shabu ikilowana vizuri, dawa inatoka na ngozi inarudi kuwa ngumu. Na Masisi mvua hatuikosi. Kwa hiyo sehemu ya nje iwe ngozi ya mbuzi isiyo na manyoya, iliyolowekwa kwanza katika maji ya majivu ili manyoya yatoke, ikasafishwa vizuri, kisha ikatiwa katika maji ya maganda ya miti kwa majuma kadhaa. Maganda hayo tunayo. Akasia ile iliyopandwa kwenye vilima vyetu juu ya makala ya kupikia, ndiyo mti ambao Tanzania wanauita muwati, na maganda yake yanatumika na viwanda vya ngozi vya dunia. Kule Njombe kampuni ya miwati ipo tangu mwaka 1949. Sisi tunachoma kuni na kutupa maganda.

Mbuzi nje, sungura ndani. Ngozi mbili au tatu za sungura wakubwa na kipande cha ngozi ya mbuzi zinatosha jozi moja. Unakata kwa wembe upande wa ngozi, si kwa makasi, ili manyoya yasikatwe. Unashona kwa sindano ya ngozi na uzi mgumu uliopakwa nta ya nyuki.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma. Miaka yote hii, mradi ukifika kusaidia wamama waliohama, mara nyingi unaleta mashini ya kushona. Mafunzo ni ya miezi kadhaa, nguo ni zile zile, liputa na blauzi na sare za shule. Siku ya kumaliza wanapigwa picha. Kisha wamama ishirini wanafungua ushonaji katika soko moja, ambapo wateja hawana franka za kununua hata chumvi. Tena vita vikirudi, mashini ni kitu cha kwanza kuachwa au kuporwa. Ni nzito, mama hawezi kuibeba pamoja na mtoto na sufuria.

Sindano inaingia katika pindo la kitenge. Kipimo cha karatasi kinakunjwa. Ujuzi unakaa kichwani. Mwezi wa Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa na familia kupanda tena kuelekea Masisi, mwenye mashini alipata shida mara mbili. Mwezi wa Machi 2025, watu wa Walikale-centre walipoingia porini, nani alibeba mashini? Mimi sisemi mashini ni mbaya. Ninasema kazi ya mhami inafaa iweze kukimbia pamoja naye.

Sungura naye vilevile. Ngombe wameibwa na kuuawa, hilo tunalijua. Aliyekuwa na kundi leo hana hata mkia. Lakini sungura anakaa katika kisanduku, anakula majani ya njiani, anabeba mimba kama siku 31 tu. Nyama ni ya watoto, mbolea ni ya bustani ya lengalenga, na ngozi, ambayo leo tunawapa mbwa, ni ya kazi.

Mtu ataniuliza: watu wana njaa, wewe unaleta habari ya ganti? Swali ni la haki. Mwenye njaa anababua mbuzi na kumla na ngozi yake, na hapo sina ugomvi naye. Chakula kwanza. Lakini ganti si ya mama kuvaa akiwa na njaa. Ni ya kuuza kwa motari ili mama anunue unga. Na ngozi ya sungura hakuna anayeila. Kwa hiyo hatuchukui kitu kutoka sahani ya mtoto.

Mwingine atasema bei ya mutumba itatuua. Inawezekana. Ndiyo maana sisemi kila mtu aingie. Kikundi cha watu kumi, wenye likelemba yao, kianze na jozi tano, kiwape motari watano wajaribu majuma mawili kwenye mvua na matope. Zikipasuka, mshono ubadilishwe. Wakizikataa, hasara ni ndogo. Motari hawafichi neno: wakisema ni nzuri, habari itafika Nyabiondo kabla ya jioni.

Sasa mambo matatu ambayo siwezi kuyazungukazunguka.

La kwanza, mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe. Mwezi wa Aprili 2025 tulisikia kwamba viboko kama 50 walikufa katika hifadhi ya Virunga, upande wa mto Ishasha na ziwa Eduardo. Ilikuwa ni kimeta, ugonjwa ambao waganga wa mifugo wanauita kwa Kifaransa charbon. Vimelea vyake vinakaa katika udongo, katika manyoya na katika ngozi kwa miaka mingi. Chumvi haiviui. Shabu haiviui. Mtu anayechuna mnyama wa namna hiyo anaweza kupata kidonda kisichouma, chenye kovu jeusi katikati. Akikiona aende kituo cha afya mara moja, kwa sababu dawa ipo na ikichelewa inaweza kuleta mauti. Kwa hiyo ngozi inunuliwe machinjoni tu, ya mnyama aliyechinjwa akiwa mzima na kupimwa na muganga wa mifugo. Mnyama aliyekutwa amekufa asipasuliwe. Aitwe muganga.

La pili, pori. Ndugu zangu wa Walikale, ninajua mtu atafikiria mara moja chui, nyani au okapi, kwa sababu manyoya yao yanang'aa. Hapana. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe inakataza kuua na kuuza wanyama waliolindwa, na okapi, sokwe na chui ni kati yao. Walikale inapakana na hifadhi, na sehemu ya Kahuzi-Biega iko ndani ya teritware hiyo. Mbali na sheria, kuna afya. Kivu ya Kaskazini ilizika watu wengi wa Ebola tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Hatuna haja ya kupapasa damu ya mnyama wa porini juu ya ganti. Na ngozi ya chui ni heshima ya mwami, si kitu cha soko.

La tatu, wizi. Ngozi ya ngombe au ya mbuzi inayouzwa usiku, bila mtu kusema imetoka wapi, ni mali ya jirani. Tukiinunua tunampa mwizi mshahara, na kesho atarudi kwa zizi lingine. Tena katika Masisi yetu, mnyama aliyeibwa hazai wizi tu, anazaa kisasi kati ya makabila. Kikundi kiandike katika daftari: ngozi imetoka machinjo gani, siku gani, kwa nani. Daftari hilo litawalinda siku mtu atakapokuja kuuliza.

Nikiweka hayo matatu pamoja, ninaona kazi hii haiwezi kuachwa kwa wamama peke yao. Waganga wa mifugo wa Masisi na Walikale wakubali kufundisha wachinjaji kukwangua na kutia chumvi. Wachinjaji wakubali kuuza ngozi kwa bei ndogo kwa vikundi badala ya kuitupa. Mashirika yanayotaka kusaidia wahami yaulize wateja kwanza, motari na wachungaji, kabla ya kuagiza mashini nyingine mia. Na wazee waliowahi kutengeneza ngoma, viti vya ngozi na ngobyi waitwe wafundishe, walipwe kama walimu. Wazee hao wanapungua kila mwaka, wengine wamelala katika makambi bila mtu kuwauliza kitu.

Ninyi mnaokaa katika familia za kuwapokea, au chini ya bashe, mnaweza kuanza na kidogo. Noeli na Bonane zikifika, wanyama wengi watachinjwa kwa siku chache. Mtu mmoja katika kila kikundi awe na chumvi tayari na kisu cha kukwangulia, aende kwa mchinjaji asubuhi, aombe ngozi kabla haijatupwa shimoni. Ngozi iliyotiwa chumvi vizuri inaweza kungoja. Mafunzo yatafika baadaye, na yakifika yakute ngozi zipo.

 Mwenye maoni tofauti aje kwenye redio, tuzungumze.