Perege Hakui kwa Pumba Tupu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mkange. Perege wa mjomba wana miezi minane bwawani, lakini ukubwa ni wa kiganja. Chakula chao pumba za mahindi, asubuhi na jioni. "Mbona wanakula vizuri, mpwa wangu?"

Wanakula, ila hawajengi mwili. Perege wa kufugwa anahitaji chakula chenye protini karibu asilimia 30, vifaranga zaidi ya hapo. Pumba zina kama 10 hivi. Na wingi peke yake hautoshi: kuna asidi amino 10 ambazo samaki hawezi kujitengenezea. Mahindi yana laisini haba. Soya inayo, lakini methionini yake ndogo, na lazima ipikwe kwanza. Dagaa wana zote mbili, ila hao ndio mboga yetu na bei tunaijua. Kwa hiyo tuchanganye: soya, mashudu ya alizeti, pumba, dagaa kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba haya niliyakariri sekondari, nikafaulu, wala sikuwahi kuliwaza bwawa. Walimu wenzangu watarajiwa, tutawakaririsha na wengine? Mimi somo la protini nitaingia nalo darasani na kopo la pumba.

Mjomba amekubali kujaribu bwawa moja, kwa sharti soya ninunue mimi. Boom likitoka.