Umeme ukizimika, maji na simu navyo hutikisika Makongeni

MPANGAJI wa ghorofa mtaani Makongeni, mjini Thika, mita yake ya umeme inapoishiwa na tokeni, hununua nyingine kwa simu. Simu hiyo hutegemea mlingoti wa mawasiliano, nao mlingoti hutegemea umeme. Maji yake hupandishwa hadi kwenye tangi la paani kwa pampu ya umeme. Huduma hizo tatu husimamiwa na mashirika tofauti, lakini zimefungwa kwa kamba moja.

Na kamba, wahenga walinena, hukatikia pabovu. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Mitambo mingine ilielemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea na taifa zima likaingia gizani.

Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme tena. Katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, jenereta ya akiba ilikataa kuwaka, na abiria wakabaki gizani. Nchi ilizimikiwa tena Novemba na Desemba mwaka uo huo.

Mkondo wa madhara huweza pia kugeuka. Mnamo Julai 2023, mashambulizi ya mitandaoni yalipolenga mfumo wa serikali wa eCitizen, Wakenya walitatizika pia kutuma pesa kwa simu na kununua tokeni. Nyaya za umeme zilikuwa nzima, ila aliyeishiwa na tokeni hakuona tofauti.

Matukio hayo yanaonyesha kwamba kukagua kila mtambo peke yake hakutoshi. Kampuni ya umeme yaweza kusifia nyaya zake, ya maji ikasifia mabomba yake na ya simu ikasifia milingoti yake, ilhali udhaifu umejificha pale huduma hizo zinapokutana. Swali la kuuliza ni hili: kimoja kikianguka, kingine kitasimama kwa saa ngapi? Betri ya mlingoti ikiisha, nani hupeleka mafuta ya jenereta? Na fundi aitwe kwa njia gani ikiwa simu zimenyamaza?

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Maji ya bwawa la Ndakaini, lililojengwa kwenye mto Thika na kuanza kutumika mwaka wa 1994, huteremka kuelekea Nairobi hasa kwa nguvu za mteremko. Umeme ukipotea, mlima haupotei.

Si kila mtaa ulio na mlima. Hata hivyo, serikali ya kaunti ya Kiambu na mashirika husika yanaweza kufanya majaribio ya pamoja ya dharura, kuwasha jenereta za akiba mara kwa mara, na kuamua mapema ni nani atakayerejeshewa umeme kwanza: hospitali, pampu za maji au milingoti ya simu. Uamuzi huo ukisubiri giza liingie, utakuwa umechelewa.